Moto Unaokaa Kwenye Upepo

Mara ya kwanza kuiona hewa kwa macho yangu nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilipiga kelele. Sioni haya kulisema. Nilikuwa katika maabara ya chuo kimoja nje ya nchi, chumba kisicho na madirisha, nimeziba masikio kama nilivyoagizwa, na mbele yangu palikuwa na bomba la chuma lenye kioo ubavuni. Fundi wa maabara akafungua vali. Hewa iliyokuwa imeshindiliwa kwenye tangi kwa nusu saa nzima ikatoka kwa mkupuo mmoja na kupita bombani kwa kasi kuliko sauti. Kwa ufundi wa taa na vioo vilivyopangwa namna yake, kivuli cha hewa ile kilitokea kwenye skrini: mistari myeusi ya mshazari, imetulia tuli, ilhali kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kinakimbia. Ilikaa pale sekunde chache, tangi likaisha, ikatoweka. Nilimwomba fundi arudie. Akacheka, akaniambia nisubiri nusu saa nyingine.

Nimelelewa na watu wa kanisa, kwa hiyo kustaajabu hakukuwa jambo geni kwangu. Lakini siku ile nilistaajabu kupita kawaida, na nikaamua hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu.

Kazi yenyewe, nikiieleza kama ninavyowaeleza wa nyumbani, ni hii. Kuna injini za ndege za kasi sana ambamo hewa haipunguzwi mwendo inapoingia. Inapita moja kwa moja, na ndani ya safari hiyo mafuta yanatakiwa yachanganyike nayo, yawake na yamalize kuwaka kabla hewa haijatokea upande wa pili. Muda wote huo hautoshi hata kufumba jicho. Shida kubwa ni moto kukaa. Unauwasha, unachukuliwa na upepo. Kwa miaka miwili nilibadilisha pembe za kunyunyizia mafuta, nikabadilisha ukubwa wa matundu, nikalainisha kuta za bomba mpaka ungeweza kujitazama ndani yake. Moto wangu uliwaka kwa nusu sekunde, ukazimika. Nikaja kesho yake, ukazimika tena.

Mwalimu aliyenisimamia, mama mwenye sauti ya upole na maamuzi yasiyopinda, aliniita ofisini. "Nenda nyumbani mwezi mmoja," akaniambia. "Ukirudi, niletee njia ya kuushika huo moto. Usipokuwa nayo, tunakuhamishia kwenye utafiti wa pampu za maji."

Pampu za maji si kazi ya aibu. Kijijini kwetu pampu ingepigiwa vigelegele kuliko injini yoyote ya ndege. Lakini mimi nilitaka moto. Nilirudi Tanzania na mwezi mmoja mkononi, kichwa kitupu, na hasira ambazo sikujua nimtupie nani.

Kwetu ni Nyakatuntu, wilayani Kyerwa. Nilishuka Kaisho siku ya gulio, nikapanda bodaboda na begi langu mbele ya dereva, tukapita katikati ya migomba mpaka nikasahau kwamba kuna kitu kinaitwa zege. Baba yangu analima ndizi na kahawa, na ni mzee wa kanisa la Kilutheri ambaye hajawahi kuonja pombe. Hata hivyo hupanda embiire, zile ndizi ambazo wenzake huzikamua na kuzichachusha kuwa rubisi. Yeye huzivundika kama wao, huzikamua kama wao, kisha juisi ikishapatikana anaishia hapo. Majirani humtania kwamba ni mtu wa kwenda sherehe na kuishia mlangoni.

Nilimkuta amelala kifudifudi nyuma ya nyumba, shavu likiwa udongoni, anapuliza. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kipaimara, na kanisa lilikuwa limemwachia yeye kinywaji cha wageni.

"Shikamoo, tata," nikasema. Kwetu baba huitwa tata.

Aliinua mkono kwanza, maana yake nisubiri, akamaliza pumzi yake. Kisha akaanza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, ameshika ubavu, na macho yalipoacha kutoa machozi ndipo akanitazama. "Marahaba, mama. Karibu nyumbani. Moto huu una kiburi."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi, si yangu bali ya baba. "Usishangae," akaniambia. "Akifukia ndizi, siku zote nne ndiyo maisha yake hayo. Anapuliza, anakohoa, anapuliza."

Kuvundika kwenyewe ni hivi. Unachimba shimo mtelemkoni, unalitandika majani ya migomba, unapanga chane za ndizi, unafunika kwa majani na magamba ya migomba, kisha udongo juu. Upande wa chini unachimba mfereji mwembamba unaoingia shimoni. Moto unakaa ndani ya mfereji huo, karibu na mdomo wake, wa majani makavu na maganda ya kahawa, na upepo wa bondeni unausukumia moshi wa moto kwenye ndizi. Moto usiwake sana, ukiwaka sana unachoma ndizi. Usizimike pia, kwa sababu ndizi zinabaki mbichi. Nilikulia pembeni ya mashimo hayo. Niliyaona tangu sijajua kusoma, na sikuwahi kuyatazama.

Nilimshauri baba anunue feni ndogo ya betri. Alinitazama kwa upole ambao ungemkera malaika. "Tutaona, mama," akasema, akalala tena kifudifudi.

Siku ya nne tulifukua. Alikuwepo jirani yetu, mzee ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, aliyeanza kufanya kazi shambani kwetu kabla sijazaliwa. Mashimo yote ya baba wameyachimba wawili. Waliondoa udongo, wakakunjua majani, na mimi nikasogea nikitarajia kuona manjano tupu. Sikuona hivyo. Ndizi za karibu na mfereji zilikuwa nyeusi, zimebabuka. Katikati palikuwa na ukanda wa manjano uliopinda. Kwenye kona zilikuwa kijani kama siku zilipokatwa.

Baba hakukasirika. Alichuchumaa, akaanza kupapasa chane moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole. "Hapa ni upepo wa juzi mchana," akamwambia jirani. "Uliingia kwa nguvu, ukababua. Hapa moto ulizimika nikiwa kwenye kikao cha kanisa."

"Na hapa," jirani akasema, akionyesha mahali ambapo manjano yalikuwa yamejikunja kama sikio, "moshi ulifika ukuta, ukarudi nyuma."

"Ukarudi, ndiyo. Kisha ukapotea. Kona ile haikupata kitu."

Nilikuwa nimesimama mdomo wazi. Katika maabara yetu tunapaka ndani ya bomba rangi maalumu inayobadilika kwa joto, ili baada ya jaribio tujue hewa ya moto ilipita wapi, ikagonga wapi, ikajikunja wapi. Rangi hiyo huagizwa kwa miezi na kila tone lake linatunzwa. Wazee hawa wawili walikuwa na chane za ndizi. Walikuwa wanausoma mwendo wa moshi waliokuwa hawajauona, ndani ya shimo lililokuwa limefunikwa, siku baada ya siku, na walikuwa wanasoma sawasawa. Nilijua wanasoma sawasawa kwa sababu kile kisikio cha manjano nimekichora mara mia katika daftari zangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani nimeondoka nyumbani ili nikaione hewa.

Nilikimbilia ndani, nikaleta daftari na kuchora shimo zima, chane kwa chane, huku mzee wa Rwanda akinicheka kwamba nimesoma mpaka nimeanza kuandikisha ndizi.

"Tata, siku zote huwa zinatoka hivi? Nusu zimeungua, nusu mbichi?"

"Siku hizi," akasema.

"Na zamani?"

Baba alianza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. "Zamani tulikuwa na bahati," akasema, akabeba tenga la ndizi zilizoiva na kwenda nalo uani.

Jirani aliguna. "Bahati! Njoo nikuonyeshe hiyo bahati."

Alinipeleka chini ya kahawa, mahali palipokuwa na shimo la babu yangu. Lilikuwa limeachwa siku nyingi, magimbi yameota ndani yake. Mfereji wa moshi ulikuwa bado upo, umejaa takataka. Nilipiga magoti, nikayatoa majani na udongo kwa mikono, nikaingiza mkono ndani. Chini palikuwa bapa kutoka mdomoni, kisha ghafla vidole vikakosa pa kushika. Sakafu ilikuwa imeshuka kama shubiri moja, wima, halafu ikaendelea kuelekea shimoni. Ukingo wa ngazi hiyo ulikuwa umeiva kwa moto mpaka ukawa mgumu kama tofali. Chini yake, kwenye kivuli cha ngazi, kulikuwa na majivu ya miaka, tabaka juu ya tabaka.

"Moto ulikuwa unakaa hapo?" nikauliza.

"Hapohapo. Chini ya ngazi, kwa nyuma. Si mbele."

Nilimwomba kiberiti. Nikaweka majani makavu chini ya ngazi, nikawasha, nikayafunika na maganda ya kahawa mpaka yakaanza kufuka. Ilikuwa saa tisa alasiri, wakati upepo unapopanda kutoka bondeni. Nililala kifudifudi kama baba, shavu udongoni, nikachungulia.

Upepo uliingia mdomoni, ukafika ukingoni, ukaruka. Ulipita juu ya moto bila kuugusa. Na moshi uliokuwa chini ya ngazi, badala ya kufuata upepo, ulirudi nyuma. Niliuona kwa macho yangu ukitambaa kwenda kinyume na upepo, ukapanda ukuta wa ngazi, ukafika juu, ukachukuliwa, ukashuka, ukarudi tena. Ulikuwa unazunguka taratibu mahali pamoja, na kila ulipozunguka uliurudishia moto joto lake. Upepo ulipozidi, nilishika pumzi nikijua sasa unazimika. Haukuzimika. Mzunguko uliongeza kasi na makaa yakazidi kuwa mekundu. Upepo wa kuuzima ndio uliokuwa unauchochea.

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia, na ninalipwa kueleza mambo ya namna hii. Nilitaka kucheka, na nilitaka mtu anyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Jambo hili lina jina lake vitabuni na nilikuwa nimelisoma. Kuna watafiti waliokwisha kuchimba vishimo na ngazi kwenye kuta za mabomba yao ili moto upate mahali pa kujificha. Nililisoma, nikalipita, kwa sababu niliamini tangu shuleni kwamba kila kona njiani ni hasara na kwamba hewa inataka njia laini. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya ning'arishe bomba miaka miwili.

Niliinuka na majivu mashavuni. "Kwa nini mliacha kuchimba hivi?" nikamuuliza jirani.

Alinikazia macho kama mtu anayedhani anataniwa. "Si wewe ndiye uliyesema?"

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuja likizo, unasoma kule Karagwe, Bweranyange, umefika kidato cha tano. Tulikuwa tunachimba. Ukachukua kijiti, ukachora chini. Ukasema moshi unajikwaa kwenye ngazi, unapoteza nguvu. Ukasema mfereji uwe laini kama koo la mtu. Baba yako alichukua jembe saa ileile akaisawazisha."

Ndipo ikanirudia yote. Kijiti, sketi ya shule, mada ya mtiririko laini ambayo tulikuwa tumeimaliza wiki ile, na raha ya kuwafundisha watu wazima. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Baada ya hapo nilikwenda kula, na sikuiwaza tena hata siku moja.

"Hakuona kwamba moto unazimika?"

"Aliona tangu shimo la kwanza. Nilimwambia, turudishe ngazi yetu. Akasema hapana, mtoto amesoma, labda ni sisi tusiojua kuutunza huo moto. Basi akaanza kupuliza."

Miaka kumi. Nilihesabu mashimo, nikaacha kuhesabu. Nilikaa kwenye magimbi nikalia, na yule mzee, Mungu ambariki, alijifanya anakagua kahawa.

Baba nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya zile ndizi chache za manjano kwa ajili ya Jumapili. Nilikaa chini karibu naye, nikachukua chane, nikaanza kumenya. Sikujua pa kuanzia, nikaanza vibaya, kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Tata, kwa nini hukuniambia?"

Hakuniuliza nini. Alimenya ndizi mbili, tatu. "Ningekuambia umekosea," akasema, "ungeacha kuniambia mambo."

"Umejiumiza kifua miaka kumi!"

"Ulikuwa unakuja kila likizo na jambo jipya. Nyota, umeme, sijui nini. Nilikuwa nasubiri hizo likizo." Akanyoosha mkono achukue chane niliyoshika, maana nilikuwa nimeacha kuimenya. "Kukohoa tumezoea wote hapa."

Juisi ya kipaimara haikutosha. Waliokuja nyuma walikunywa chai, na baba aliomba radhi kanisani bila kutaja sababu. Mimi nilikaa benchi la wanawake nimeinamisha kichwa, na wala sikuwa naomba.

Wiki zilizobaki nilikuwa mwanafunzi. Tulichimba mfereji mpya, na safari hii mimi ndiye niliyeshika jembe na baba ndiye aliyekuwa na kijiti. Aliniambia ngazi iwe shubiri moja, na shubiri yenyewe iwe yake, si yangu. Moto usigusane na ukuta wa ngazi, wala usisogee mbele sana. Kuna mahali pake. Nilimuuliza amejuaje mahali pake. Alisema baba yake aliweka pale. Nilichukua rula, nikapima kimo cha ngazi na umbali wa moto, nikapima pia katika shimo la babu, kisha katika mashimo mawili ya majirani ambao hawakuwahi kupata bahati ya kuwa na binti msomi. Vipimo vilitofautiana. Lakini ukigawa umbali kwa kimo, jibu lilikuwa karibu lilelile kila mahali. Watu wasiokuwa na rula walikuwa wameshika uwiano mmoja, kwa mikono tu, baba kwa mtoto. Nililiandika jibu lile, nikalipigia mstari mara mbili.

Tuliuwasha moto wa shimo jipya asubuhi ya siku niliyoondoka. Sikuuona mwisho wake. Nilimwacha baba amesimama kando ya mfereji, mikono nyuma, hajui aifanyie nini.

Kule chuoni mwalimu wangu aliitazama michoro yangu ya ndizi kwa muda mrefu. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliuliza maswali matano, yote ya maana, akasaini karatasi ya karakana. Wakanichongea bomba lenye ngazi. Ilichukua miezi, na katika miezi hiyo jina langu lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa penseli kwenye orodha ya utafiti wa pampu.

Siku ya jaribio walikuja wengi kuliko kawaida. Fundi alifungua vali, sakafu ikatetemeka, mistari ile ya mshazari ikasimama kwenye skrini. Nikabonyeza kitufe cha mafuta, nikabonyeza cha cheche. Moto ukatokea nyuma ya ngazi. Nilihesabu nusu sekunde, nikangoja uzimike kama ninavyoujua. Ukakaa. Ulikuwa wa buluu, mdogo, umejikunyata chini ya ukingo, na juu yake hewa ilikuwa inapita kwa kasi ambayo ingeng'oa paa la kanisa. Sekunde ya tatu. Ya tano. Kutoka kwenye kile kijimoto, ulimi mrefu ulianza kutandaa bombani, unawasha kila kilichopita, na kile cha chini hakikusogea hata kidogo. Haukuzimika mpaka hewa ya tangi ilipokwisha. Kisha mwalimu wangu akasema, "Jazeni tangi tena," akachukua ile orodha ya pampu na kifutio.

Nilitoka nje, nikampigia baba. Ilikuwa mchana huko nyumbani. Alipokea mama, akampelekea simu nyuma ya nyumba.

"Tata, moto umekaa!"

"Bwana asifiwe!" akapiga kelele, kwa sababu anaamini simu ya mbali inahitaji sauti kubwa. "Umekaa kwenye upepo wenyewe? Ule mkali?"

"Kwenye ule wenyewe. Chini ya ngazi, kama wako."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde kumi na moja."

Nikamsikia akimwambia mtu pembeni kwa Kinyambo, na sauti ya mzee wa Rwanda ikauliza mara mbili, kama hakusikia vizuri. Wakaangua kicheko wote wawili, kicheko cha wazee waliokaa chini. Baba alirudi kwenye simu akiwa bado anajizuia.

"Hongera sana, mama," akasema. "Wangu wa wiki hii umekaa siku nne, na sikuupuliza hata mara moja."